Laha moja ya Kitabu cha Saa: kabla ya kununua, uliza kitabu chenyewe kiko wapi

"Kuna muuzaji mtandaoni anauza ukurasa mmoja wa ngozi, anasema umetoka kwenye Kitabu cha Saa cha Ufaransa cha karibu mwaka 1450. Una mistari 16 ya Kilatini, herufi mbili kubwa za dhahabu na urembo wa maua pembeni. Uko ndani ya fremu ya kioo na unakuja na cheti cha uhalisi. Muuzaji mwingine ana ukurasa unaofanana nao, ila una picha ya mtakatifu, na bei yake ni mara nane. Nitajuaje kama si bandia? Nikidai kipimo cha kaboni nitakuwa salama? Halafu rafiki yangu ananiambia kununua kurasa hizi ni kushiriki kuharibu vitabu, wakati mimi nilidhani ninaokoa kitu. Nataka kuutundika sebuleni."

Una hofu mbili. Ya kwanza ni kutapeliwa, na ya pili ni kwamba hata usipotapeliwa utakuwa umelipia uharibifu. Zote mbili zinajibiwa na swali moja ambalo bado hujamwuliza muuzaji: kitabu kilichobeba ukurasa huu kiko wapi sasa, na kilikatwa lini?

Kwanza tuweke sawa jina la kitu chenyewe. Unachouziwa ni laha, yaani kurasa mbili, uso wa mbele na uso wa nyuma. Fremu imekuonyesha uso mmoja tu. Huo uliofichwa mara nyingi ndio unaosema ukweli, kwa hiyo usitoe fedha yoyote kabla ya kuona picha zake.

Kuhusu ubandia, nikutulize kidogo. Laha ya maandishi ya Kitabu cha Saa, isiyo na picha, mara nyingi ni halisi, kwa sababu vitabu hivi vilikuwa vingi mno. Ni vitabu vya sala za vipindi vilivyotengenezwa kwa ajili ya walei. Katika karne ya 15 familia yoyote ya Ulaya yenye uwezo ilitaka kuwa nacho kimoja, na maelfu yamebaki hadi leo. Kughushi mistari 16 kwa mwandiko sahihi wa Kigothi, juu ya ngozi ya zamani, ni kazi ngumu yenye faida ndogo. Anayeghushi huenda penye fedha, na fedha ziko kwenye picha. Kati ya laha zako mbili, ile ya mtakatifu ndiyo inayohitaji jicho kali.

Mfano mashuhuri ni mchoraji wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 asiyejulikana jina hadi leo. Belle da Costa Greene, aliyeongoza maktaba ya Morgan huko New York, ndiye aliyempa lakabu ya Mghushi wa Kihispania. Mtu huyu alichora juu ya ngozi za kweli za zamani, nyingi zikiwa zimekatwa kutoka vitabu vikubwa vya kwaya. Ukigeuza kazi zake, nyuma unaweza kukuta mistari ya noti za muziki isiyohusiana kabisa na picha ya mbele. Rangi zake za kijani zilipopimwa, zilionekana kuwa na mchanganyiko wa shaba na aseniki ambao haukuwepo kabla ya miaka ya 1770.

Hapo utaona kwa nini kipimo cha kaboni hakitakulinda. Kaboni-14 hueleza mnyama alikufa lini. Haisemi chochote kuhusu siku ambayo wino au rangi iliwekwa juu ya ngozi yake. Ramani ya Vinland, iliyodaiwa kuwa ya karne ya 15 na kuonyesha sehemu ya Amerika, iko Chuo Kikuu cha Yale. Hiyo imechorwa juu ya ngozi ambayo kipimo kiliipa tarehe ya karibu 1434, lakini wino wake una titani ya aina iliyoanza kutumika viwandani katika karne ya 20. Mwaka 2021 Yale yenyewe ilitangaza kwamba ramani hiyo ni ya kughushi. Zaidi ya hayo, kipimo cha kaboni hudai kipande kikatwe. Kwa laha yenye picha, vipimo vya maana ni vile vya kusoma kemikali za rangi bila kugusa, kama vile kwa miale ya X. Ikionekana buluu ya Prussia, ambayo haikujulikana kabla ya karne ya 18, au nyeupe ya titani, basi ama picha ni mpya ama imerekebishwa karibuni. Kwa laha ya maandishi matupu usijisumbue na maabara, macho na subira vitatosha.

Cheti nacho kiweke kando. Ni maneno ya muuzaji kuhusu bidhaa ya muuzaji. Kinachokulinda ni ankara yenye maelezo kamili ya laha (vipimo, tarehe, mahali ilikotengenezwa, historia ya umiliki) pamoja na ahadi ya maandishi ya kurudishiwa fedha ikithibitika kwamba maelezo hayo si ya kweli. Wauzaji walio chini ya ILAB, jumuiya ya kimataifa ya wauza vitabu vya kale, wanafungwa na kanuni za chama chao kuhakikisha uhalisi wa wanachouza. Mwulize muuzaji wako kama ni mwanachama. Kutokuwa mwanachama si kosa, ila kutamfanya awe na mengi zaidi ya kueleza.

Sasa namna ya kuikagua. Omba itolewe kwenye fremu, ipigwe picha pande zote mbili, kisha ipigwe tena taa ikiwa imelazwa ubavuni, mwanga upite juu ya uso kwa mlazo. Mwanga huo huonyesha mengi ambayo mwanga wa mbele huyaficha.

Anza na ngozi. Ngozi ya kuandikia ni ya ndama, mbuzi au kondoo. Haikutiwa dawa za kulainisha kama ngozi ya viatu. Ililowekwa kwenye chokaa, ikakwanguliwa, kisha ikakaushwa ikiwa imevutwa kwa nguvu kwenye fremu. Kila laha ina upande wa manyoya na upande wa nyama. Wa manyoya huwa na unjano kidogo, na chini ya lenzi ya kukuza mara 10 unaweza kuona vitundu vidogo vya vinyweleo. Wa nyama huwa mweupe na laini zaidi, na mara nyingi ndio ambao wino wake umebanduka. Pande zote mbili zikifanana kabisa, zikiwa na rangi ya chai iliyomwagwa sawasawa, hiyo ni karatasi iliyozeeshwa kwa makusudi. Lenzi hiyohiyo itakuonyesha kama herufi zimeundwa na nukta ndogondogo za rangi. Ukiona nukta, ni nakala ya mashine, na habari imeishia hapo.

Baada ya ngozi, tazama mistari. Mnakili hakuandika kwa kukisia. Alitoboa vitundu pambizoni, kisha akachora mistari kutoka kitundu hadi kitundu. Vitundu vyenyewe mara nyingi vimepotea kwa sababu wajalidi, yaani mafundi wa kufunga vitabu, walipunguza kingo, lakini mistari hubaki, na katika Vitabu vya Saa vya karne ya 15 mara nyingi ni ya wino hafifu mwekundu au wa zambarau. Angalia pia mstari wa kwanza wa maneno. Tangu karne ya 13 wanakili walianza kuandika chini ya mstari wa juu kabisa, ilhali zamani waliandika juu yake. Laha ya 1450 inapaswa kufuata desturi hiyo mpya.

Wino wa maandishi ni wa vinundu vya mwaloni na salfati ya chuma, umeunganishwa kwa gundi ya mgunga. Kadiri miaka inavyopita hugeuka kutoka weusi kuelekea kahawia, na si kwa usawa: herufi moja itakuwa nzito, inayofuata hafifu, kulingana na mnakili alivyochovya kalamu. Dhahabu ya herufi kubwa hupandishwa juu ya tabaka la plasta laini, kisha husuguliwa hadi ing'ae. Kwa mwanga wa ubavuni utaiona imeinuka kama kidonge, na mahali ilipochubuka utaona plasta nyeupe au nyekundu chini yake. Dhahabu iliyolala bapa na kumeta kama rangi ya kopo inatia shaka. Lakini usichanganye: dhahabu ya unga iliyopakwa kwa brashi ilikuwepo kweli, hasa katika picha na urembo wa pambizo mwishoni mwa karne ya 15. Yenyewe haina mwinuko.

Kuna udanganyifu wa kati kwa kati unaowapata hata wazoefu: laha ni ya kweli, maandishi ni ya kweli, ila urembo au picha imeongezwa juzi ili bei ipande. Chunguza mahali uchakavu na rangi vinapokutana. Rangi ya zamani huvunjika pamoja na ngozi. Rangi mpya huingia ndani ya nyufa, hufuata ukingo wa tundu la mdudu, au hukaa juu ya uchafu uliokwisha kuwepo.

Kisha soma maneno, hata kama hujui Kilatini. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote. Nakili mistari mitatu ya mbele kama ilivyo, ukijua kwamba kistari juu ya herufi mara nyingi kinasimama badala ya m au n iliyoachwa, na kwamba "dñe" ni "domine". Itafute katika Biblia ya Kilatini ya Vulgata. Sehemu kubwa ya Kitabu cha Saa ni Zaburi, kwa hiyo uwezekano wa kuipata ni mkubwa. Kumbuka tu kwamba hesabu ya Zaburi katika Vulgata iko nyuma kwa moja kwa sehemu kubwa ya kitabu: "Miserere mei deus secundum magnam misericordiam tuam" ni Zaburi ya 50 huko, na ya 51 katika Biblia nyingi za leo. Ukishaipata, soma mwisho wa uso wa mbele na mwanzo wa uso wa nyuma. Maneno lazima yaendelee. Laha kuanza katikati ya sentensi na kuishia katikati ya sentensi ni kawaida kabisa, maana jirani zake wameondolewa. Lakini maneno yakikatika kati ya mbele na nyuma bila sababu, rudi nyuma hatua mbili.

Usomaji huo huzaa zaidi ya uthibitisho. Ikiwa laha yako inatoka kwenye Saa za Bikira Maria, yaani mfululizo mkuu wa sala wa kitabu hiki, sehemu ya Prima au Nona (sala za saa ya kwanza na ya tisa ya mchana), antifona (kiitikio cha zaburi) na somo fupi la hapo vinaweza kukuambia kitabu kilifuata desturi ya Roma, ya Paris, ya Rouen au ya pengine. Ikiwa ni sala, tazama kama anayeomba anajiita "famulo tuo" au "famule tue". La kwanza ni mtumishi mwanamume, la pili mwanamke, na wakati mwingine hilo ndilo lililobaki la mtu aliyeagiza kitabu.

Hapo tunafika kwa rafiki yako. Ana haki kwa sehemu kubwa. Vitabu hukatwa kwa sababu ya hesabu: laha 150 zikiuzwa mojamoja huleta fedha nyingi kuliko kitabu kizima, na kitabu kisichokuwa na jalada zuri au kilichopungukiwa picha chache ndicho huangukia kisu upesi. Otto Ege, mwalimu wa sanaa wa Cleveland aliyefariki mwaka 1951, alikata vitabu vingi na kuuza laha zake katika makasha, akiamini kwamba anawafikishia uzuri watu wasioweza kununua kitabu kizima. Misale ya Beauvais, kitabu cha sala za Misa kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 13, ilikuwa mikononi mwa tajiri wa magazeti William Randolph Hearst ikiwa nzima, ikauzwa mwaka 1942 na kukatwa muda mfupi baadaye. Ilikuwa na laha 309. Watafiti wamekuwa wakizitafuta duniani kote na wameshazitambua zaidi ya 100, kwa jasho la miaka mingi. Kinachopotea hapo ni mpangilio, kalenda yenye watakatifu wa mji fulani, na maandishi ya wamiliki kwenye kurasa za mwisho. Laha moja ikitundikwa ukutani haiwezi kukurudishia hayo.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya laha iliyokatwa miaka 80 iliyopita na ile iliyokatwa mwaka huu. Ukinunua ya kwanza, kitabu hakirudi lakini pia hakuna kitabu kipya kinachokufa. Ukinunua ya pili, fedha yako ndiyo iliyolipia kisu. Kwa hiyo mwandikie muuzaji na umuulize: laha ilitengana na kitabu lini, nani aliitenganisha, iliwahi kuuzwa wapi, na je, anazo nyingine za kitabu hichohicho? Kisha tazama mwenyewe orodha ya vitu anavyouza. Akiwa na laha kumi zenye mwandiko mmoja na mistari 16, kila moja ikiwekwa sokoni wiki tofauti, kuna kitabu kinachinjwa. Tazama pia ukingo wa upande wa mshono. Mkato wa zamani umechafuka na kulegea, mara nyingi una mabaki ya gundi au karatasi ya zamani iliyobandikwa. Mkato mpya ni mweupe na mkali. Ukiwa na shaka, acha. Sioni laha yoyote inayostahili kununuliwa kwa bei hiyo.

Unaweza pia kuitafuta historia yake bila kumtegemea muuzaji. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina hazina ya bure mtandaoni, Schoenberg Database, inayokusanya rekodi za hati za mkono kutoka katalogi za minada na za wauzaji, na Fragmentarium hukusanya picha za vipande vilivyotawanyika. Tafuta kwa idadi ya mistari na kwa vipimo, lakini pima eneo la maandishi, si laha nzima. Kingo hukatwakatwa kila kitabu kinapojalidiwa upya, ilhali eneo la maandishi halibadiliki. Liandike kwa milimita, urefu kwanza, kisha upana.

Historia ya umiliki pia ndiyo inayokutenga na wizi. Mwaka 2012 iligundulika kwamba maktaba ya kale ya Girolamini, Naples, ilikuwa inaporwa, na mkurugenzi wake mwenyewe alitiwa hatiani. Dalili za kuogopa ni muhuri uliokwanguliwa, namba ya rafu iliyofutwa, au kona iliyokatwa mahali ambapo muhuri hukaa. Taa ya miale ya urujuanimno mara nyingi hufufua kilichofutwa. Kumbuka pia vibali. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, hati ya mkono yenye umri wa zaidi ya miaka 50 isiyo mali ya mwandishi wake inahitaji kibali ili itoke nje ya Umoja, bila kujali thamani yake. Muuzaji aliyeko huko akikuambia ataituma tu kwenye bahasha, anakuachia wewe hatari yote. Na kwa mali iliyotoka nchi yoyote, wanunuzi makini huuliza ilikuwa wapi kabla ya 1970, mwaka wa Mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni.

Ikiwa moyo wako unataka kumiliki ngozi moja ya zama za kati kwa dhamiri safi, nakushauri ufikirie kitu kingine: hati ya kisheria, kwa mfano ya mauziano ya ardhi au ya kodi ya shamba. Hizo zilizaliwa laha moja, hazikuwahi kuwa sehemu ya kitabu, na nyingi zina tarehe, majina ya watu na mahali. Hazina dhahabu, ni kweli. Zina mikono ya watu walioishi. Njia nyingine ni vipande vilivyotolewa ndani ya majalada, ambavyo wajalidi wa karne ya 16 waliwahi kuvitumia kama mabaki ya kuimarishia vitabu vingine. Kisu chao kilipita zamani sana.

Na ukuta wa sebuleni? Hapana, si kwa kudumu. Ngozi hii ni kolajeni, yaani protini ya ngozi, iliyokaushwa ikiwa imevutwa, na kila unyevu unapopanda hujaribu kurudi umbo la mnyama. Huvimba, hujikunja, na rangi isiyonyumbuka hubanduka. Weka unyevu wa hewa kati ya asilimia 45 na 55, bila kupandapanda. Ukizidi 65 ukungu huanza. Madhara ya mwanga hujumlishana na hayarudi nyuma, ndiyo maana maonyesho hutumia mwanga hafifu wa karibu lux 50 na kwa miezi michache tu. Tundika nakala nzuri ya picha yake, na laha yenyewe ilaze kwenye boksi lisilo na asidi. Kama lazima ionekane kwa muda, iwe kwenye kadibodi isiyo na asidi, imeshikwa juu tu kwa vibawaba vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, na kioo kisiguse ngozi. Usitumie selotepu, wala pasi ya kunyoosha. Glavu za pamba pia hazifai, kwani hunasa kwenye rangi iliyolegea. Mikono mikavu iliyonawiwa inatosha.

Mtafute mhifadhi wa hati ana kwa ana ikiwa laha imeganda kwenye kadibodi, ikiwa unaona unga wa rangi chini ya kioo, au ikiwa kuna harufu ya ukungu. Katika hali hizo usifungue fremu mwenyewe. Kwa laha ile ya picha, usilipe mara nane bila mtaalamu asiye na maslahi kuiona mkononi, naye asiwe mtu anayetaka kuinunua au kuiuza. Maktaba yenye mkusanyiko wa hati za kale mara nyingi itakubali kuitazama na kukuambia ni nini, ingawa kwa kawaida haitataja bei.

Siku itakapotolewa kwenye fremu, usitupe kadibodi ya zamani kabla ya kuisoma nyuma. Kibandiko cha duka, namba ya penseli, kipande cha katalogi kilichogandishwa: hayo mara nyingi ndiyo ushahidi pekee uliobaki wa kitabu ilikotoka. Yapige picha, yahifadhi pamoja na ankara ndani ya boksi lilelile, na ukija kuiuza, yaende nayo.